Somo la Porojo

Pale kwenye chuo cha ufundi, Nati alikuwa amefaulu kila somo isipokuwa porojo. Pampu alifaulu. Hesabu za presha ya maji alifaulu mpaka mwalimu wake akaanza kumkwepa kwenye korido. Kuchomelea vyuma alifaulu, akabaki na kovu dogo la cheche kidevuni. Jina lenyewe la Nati alipewa na vijana wa karakana mwaka wa kwanza, kwa sababu alikuwa mfupi, mgumu, na akishakaza jambo hakuna spana ya kumlegeza. Sasa binti wa namna hiyo akwame kwenye somo ambalo wenzake walilifanya huku wanasinzia! Ilikuwa aibu, na ilimuuma.

Somo hilo kwenye ratiba liliandikwa Utu na Jamii. Wanafunzi waliliita porojo, basi. Lilikuwa somo pekee chuoni lisilokuwa na mashine, na bila kulifaulu huvai joho. Alilifundisha mama mmoja mwembamba, mkali, mpenda karanga, aliyeitwa Mwalimu Hebu kwa sababu chochote ulichomwambia alikujibu, "Hebu rudia." Ukirudia, unajisikia mwenyewe jinsi ulivyosema upuuzi. Walisoma hadithi, walisoma habari za falme zilizoanguka na watu waliozisukuma, walibishana nani mwenye haki ya maji kisima kinapokauka. Lakini gumzo la chuo lilikuwa mtihani wake.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Unachagua mtu ambaye hampatani, mtu ambaye ukimwona tu damu inachemka. Unaandika habari zake: anavyofikiri, anavyoiona dunia, kwa nini anaamini yuko sahihi. Kisha unamleta darasani, unamsomea mbele ya watu, na mwisho yeye mwenyewe anatamka moja kati ya mawili, "Huyo ni mimi," au, "Huyo si mimi." Akikubali, umefaulu. Akikataa, umefeli, na Mwalimu Hebu haongezi hata nusu alama.

"Mimi huyo mtu simjui," alikuwa akisema huku anamenya karanga. "Anayejua kama umemwona ni yeye."

Wanafunzi nao si wajinga. Msimu wa mtihani ukifika, chuo kizima kilijaa ugomvi wa kubuni. Marafiki wa kufa na kuzikana walitangaza kwamba hawasemeshani. Mmoja wa idara ya umeme alimleta bibi yake, eti wana uhasama wa miaka, na yule bibi hata kabla hajasomewa mstari mmoja alishasema, "Ni mimi huyo, ni mimi, mpeni mjukuu wangu maksi zake twende zetu." Akafaulu! Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Nati hakutaka mchezo huo. Alimchagua mkuu wa chuo.

Na alikuwa na sababu. Muhula ule ule, mkuu alisimama mbele ya wanafunzi wote, suti imenyooka, akatangaza kwamba somo la Utu na Jamii linakufa. "Ninyi ndio wa mwisho kulisoma," alisema. "Mwakani saa zake tunazipa ujasiriamali. Hapa tunafundisha mikono. Mdomo kila mtu amezaliwa nao." Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na hata waliokuwa wanalipenda somo wakacheka ili wasionekane. Nati alikaa pale ametoa macho kwa hasira.

Maana kuna siku darasani alisema jambo juu ya baba yake, aliyeondoka nyumbani yeye akiwa mdogo. Alisema kwa ufasaha, kama alivyozoea, kwamba baba yake ni mwanamume asiye na uti wa mgongo. Mwalimu Hebu akamwambia, "Hebu rudia." Nati akarudia. "Tena." Akarudia tena, na safari hii akasikia kwamba yale hayakuwa maneno yake. Yalikuwa ya shangazi yake, neno kwa neno, hata pumzi zake. Miaka yote hiyo amebeba maneno ya mtu mwingine mdomoni, na juu ya baba yake mwenyewe hajawahi kufikiria hata wazo moja la kwake. Alitoka darasani akiwa amenuna. Lakini kuanzia siku hiyo hakukosa kipindi hata kimoja, na ole wake aliyeliita somo lile porojo mbele yake.

Basi akamwandika mkuu. Aliandika kwa moto, kalamu inakaribia kutoboa karatasi. Mkuu naye alikubali kuja; alitaka kujionea mwenyewe upuuzi huo unavyofanyika. Alikaa mbele, mguu juu ya mguu, na Nati akasimama akasoma habari za mtu anayehesabu viti na kuwasahau wanaovikalia, mtu anayetaka kuzalisha vijana wa kubonyeza vitufe, mtu anayeogopa wanafunzi wenye mawazo. Darasa likapiga makofi. Kuna waliopiga meza.

Mkuu akasubiri wanyamaze.

"Binti," akasema, "huyo uliyemsoma ni mpumbavu. Angekuwa anafanya kazi kwangu ningeshamfukuza. Huyo si mimi."

Mwalimu Hebu akaandika sifuri pale pale. Nati hakuamini. Watu walipotoka alibaki amesimama mbele ya meza ya mwalimu, machozi ya hasira yanamlenga.

"Mwalimu, darasa zima limepiga makofi!"

"Darasa silo lililosomwa."

"Lakini ni kweli! Kila mtu anajua ni kweli!"

"Umeandika hasira zako," Mwalimu Hebu akasema, "halafu ukazivalisha suti yake. Suti umeipatia. Nenda, una mtihani wa marudio." Akapangusa maganda ya karanga mezani, kisha akaongeza kwa sauti nyingine kabisa, "Na kwa taarifa yako, mimi mwenyewe nilimwita hivyo hivyo jikoni kwangu wiki nzima. Lakini mimi sitahiniwi."

Hapo Nati akajua mambo yamekuwa mabaya. Marudio yalikuwa nafasi ya mwisho. Kwenye kiwanda cha pampu alikofanya mazoezi, msimamizi alikuwa ameshamwambia, "Ukivaa joho tu, njoo na overoli yako." Nafasi ilikuwa moja, na waliokuwa wanaimezea mate walikuwa wengi; asipohitimu mwaka huu, anapewa mwingine. Na mama yake, msusi, alikuwa ameshamwaga habari kwa kila kichwa kilichopita mikononi mwake. Hakuna mwanamke mtaani ambaye hakujua kwamba binti wa msusi ni fundi wa pampu, amepata kazi kiwandani.

Mwenye akili angebadilisha mtu. Angemchukua rafiki yake, wakubaliane wamegombana, mambo yakaisha. Nati akaenda kugonga ofisini kwa mkuu.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba. Wewe tena?"

"Nataka kurudia mtihani. Kwako."

Mkuu akamtazama kwa muda. Mezani kwake palikuwa na valvu kuukuu ya shaba aliyoifanya ya kukandamizia karatasi, na chai iliyopoa. "Kila mwanafunzi ana haki ya marudio," alisema mwishowe, maana alikuwa mtu wa haki, hilo nalo tuliseme. "Nina dakika kumi. Uliza."

Nati alikuwa amejiandaa na maswali ya kumbana. Lakini alipokuwa anakaa, ili tu kuvunja ukimya, aliuliza kwa nini lango la chuo limeipa barabara mgongo. Kila mgeni huzunguka jengo zima kulitafuta.

Weee! Mkuu akavua miwani. Akasema zamani barabara ilipita upande ule, na karakana ya kwanza ilikuwa banda la kutengenezea malori. Akasimama dirishani akamwonyesha kisima kilipokuwa, akamweleza nani alikichimba, na kwa nini wachimbaji waligoma, na nani alikwenda kuwabembeleza warudi, na kwamba bila mgomo ule chuo kingejengwa kwingine kabisa. Alikuwa anazungumza kwa mikono yote miwili. Katibu muhtasi akachungulia mlangoni kumkumbusha kwamba kuna wageni wanasubiri. Mkuu akampungia mkono kama anayefukuza nzi. Dakika kumi zilishapita zamani. Nati alikuwa amekaa mdomo wazi. Alikuja kumhoji adui, akakuta mtu anapenda kitu kupita kiasi.

"Mkuu," akauliza, "wewe ulisomea nini?"

Mkuu akavaa miwani yake, akarudi kwenye kiti.

"Historia," akasema. "Nilikuwa wa kwanza darasani. Siku ya mahafali walinibeba juu juu." Akaisogeza ile valvu, akairudisha. "Kisha nikarudi nyumbani kwa kaka yangu, nikakaa. Kaka alikuwa mchomeleaji. Hakusoma, lakini yeye ndiye aliyenilisha, mimi na shahada yangu, tena kwa miaka. Wanawe wakiamka asubuhi wananiuliza, 'Baba mdogo, leo pia huendi kazini?' Hawakuwa na ubaya wowote. Walitaka kujua tu. Kila asubuhi."

Nati aliitazama ile valvu.

"Nikaanza upya, nikasomea ufundi nikiwa mtu mzima, nimekaa na watoto. Nikajiapia kwamba mwanafunzi anayepita mikononi mwangu hataulizwa swali lile. Kila saa ninayoiondoa kwenye maneno na kuiweka kwenye mashine, kuna kijana mmoja anayeokoka. Unaelewa? Siwachukii. Nawaokoa." Akaisukuma chai pembeni. "Jumatatu bodi inakaa. Nasaini, nawapa, na somo limekwisha."

"Naweza kuandika haya?"

"Andika yote. Si siri. Ndiyo sababu yenyewe."

Nati aliandikia saluni kwa mama yake, kwenye kigoda cha pembeni, katikati ya harufu ya mafuta ya nywele na umbea wa wateja. Safari hii kalamu ilikwenda polepole. Aliandika habari za lango na kisima. Aliandika habari za kaka mchomeleaji, na lile swali la asubuhi. Aliandika hoja ya mkuu kwa nguvu zote, akaijengea msingi, akaipiga lipu, mpaka yeye mwenyewe akaogopa, maana alipoisoma aliona yule mzee ana haki. Ana haki kabisa! Halafu akaandika pia kwamba mtu huyu amejikataza kitu anachokipenda, na kila akikigusa kwa bahati mbaya anasahau wageni mlangoni.

Alipofika mwisho akaandika kweli iliyobaki: *Na pamoja na hayo yote, Jumatatu mtu huyu atalifuta somo. Atalifuta akijua anachokifuta. Huyo ndiye yeye.*

Akaweka nukta. Kisha akaona alichokiandika.

Maana angalia. Mkuu akisema, "Huyo ni mimi," Nati amefaulu, anavaa joho, anakwenda kiwandani, na somo linakufa Jumatatu kama lilivyoandikwa. Lakini mkuu akitaka kusema, "Huyo si mimi," atakatalia wapi, wakati mengine yote ni kweli tupu? Itabidi akatalie pale mwisho. Itabidi asiwe mtu anayelifuta. Na hapo Nati amefeli.

"Mama," akaita. "Njoo nikuambie kitu."

Mama akasikiliza huku anasuka, ncha ya uzi meno yameibana. Alipoelewa aliutema.

"Futa hiyo ya mwisho."

"Ndiyo kweli yenyewe, mama."

"Kweli ziko nyingi! Acha hizo nyingine, futa hiyo moja. Atasema ni yeye, atafurahi, atakupa na mkono, unakwenda kazini. Huyo mwalimu ni nani kwako? Ni shangazi yako? Ni mama yako? Mama yako ni mimi!"

"Nikiifuta, nitakuwa nimemwandika nusu."

"Mwandike nusu! Watu wangapi wanaishi wakiwa wamejulikana nusu na hawajafa?"

Mteja aliyekuwa anasukwa akacheka. Mama hakucheka. Nati akakunja karatasi zake, akazitia mfukoni, na aya ya mwisho ikiwa ndani. Usingizi wa siku hiyo tusiuzungumzie.

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Walikuja wa umeme, wa bomba, hata wapishi wa kantini walisimama mlangoni, maana uvumi ulikuwa umeenea kwamba Nati anamrudia mkuu. Mkuu akakaa kiti kile kile. Mwalimu Hebu alikaa nyuma bila karanga, na hilo peke yake lilimtisha Nati kuliko umati.

Akasoma. Alipofika kwenye lango na kisima, watu walicheka kwa upole, na mkuu akatikisa kichwa kama anayesema, kweli bwana, huwa nasahau wageni. Alipofika kwa kaka mchomeleaji, hakuna aliyecheka. Alisoma lile swali la watoto, "Baba mdogo, leo pia huendi kazini?" na mkuu akatazama chini akakaa hivyo hivyo. Wanafunzi wengi pale walikuwa na mtu wa namna hiyo nyumbani. Wengine waliogopa kuwa yeye.

Kisha akasoma mwisho.

Mkuu akainua kichwa. "Soma tena hapo mwisho."

Akasoma tena.

Mkuu alikuwa mtu mwepesi wa akili; usidhani watu huwa wakuu wa vyuo kwa suti tu. Nati aliona kabisa lilivyomwingia.

"Binti, unajua ulichokifanya?"

"Najua."

"Nikisema ni mimi, unafaulu."

"Ndiyo."

"Na nikisema si mimi?"

"Nafeli. Na utakuwa umesema mbele ya watu hawa wote kwamba wewe si mtu wa kulifuta somo hili."

Mtu mmoja dirishani akapiga mluzi. Mwalimu Hebu akainuka kule nyuma, na kwa mara ya kwanza watu walimwona mama yule amekosa utulivu. "Nati. Hebu... Iondoe hiyo aya. Naruhusu. Mimi nina umri wangu, nitapata pa kwenda. Sitaki mtoto wa watu apoteze kazi kwa ajili yangu."

"Samahani mwalimu, sikuandika kwa ajili yako," Nati akasema. "Uliniambia nimwandike yeye. Nimemwandika. Kama kuna uongo, auonyeshe."

"Ninaweza kusema si mimi kwa sababu nyingine," mkuu akasema. "Labda umekosea habari za kisima."

"Nimekosea wapi?"

Mkuu akafikiri. Alifikiri kwa haki, kama alivyofanya kila kitu, akipitia neno kwa neno.

"Hujakosea," akasema.

"Basi."

"Sikiliza." Mkuu akasogea mbele ya kiti, sasa anazungumza naye peke yake ingawa watu wote walisikia. "Nina uwezo wa kukusamehe somo hili. Mimi ndiye mkuu. Haijalishi nitasema nini hapa, naandika mstari mmoja, unahitimu, unakwenda kiwandani. Kijana mmoja ameokoka. Hilo ndilo ninalolitaka siku zote."

Hapo ndipo moyo wa Nati ulipomsaliti kidogo. Aliiona overoli. Alimwona mama yake anawaambia wateja. Angesema ndiyo, hakuna mtu mle ndani ambaye angemlaumu, hata Mwalimu Hebu. Zaidi sana Mwalimu Hebu.

"Ukinisamehe," akasema, "utakuwa umesema kwamba kilichofanyika hapa leo si kitu. Kwamba ni porojo. Mimi nimekaa na maisha yako siku zote hizi, mkuu. Nimeyabeba mpaka nikaanza kukuonea huruma, na mimi nilikuwa sikupendi hata kidogo! Hakuna pampu iliyonifundisha hivyo. Sitaki msamaha. Nataka kutahiniwa. Sema ni wewe, au sema si wewe."

Mkuu alitazama zile karatasi mkononi mwa Nati kana kwamba anazitamani. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Huyo si mimi," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, na waliokuwa madirishani ikabidi waulizane amesema nini. Akageuka kwa Mwalimu Hebu. "Mwandikie sifuri, mwalimu. Na bodi haitapata karatasi yoyote kutoka kwangu Jumatatu." Alipofika mlangoni, wapishi wakampisha, akageuka tena. "Na wewe binti, ukija kurudia mwakani, tafuta mtu mwingine. Mimi umenichosha."

Darasa likalipuka. Walimbeba Nati, wakamtembeza korido nzima wakiimba, "Amefeli! Amefeli!" mpaka walinzi wakaja kuuliza kuna nini. Mwalimu Hebu alikuwa bado amekaa nyuma, daftari la maksi limefunguka mbele yake. Aliandika sifuri, akaipigia mstari, kisha akafunika uso kwa viganja na kulia waziwazi, bila kujali nani anamwona.

Njiani kuelekea saluni Nati alikuwa peke yake. Furaha ilimbeba mpaka kona ya pili, kisha ikamshusha. Overoli haipo. Mwaka mzima wa kungoja, tena kwa ajili ya somo moja. Alijiuliza kama ana wazimu. Alijijibu kwamba hapana, na kwamba wangemrudisha mle darasani sasa hivi angefanya vile vile, na wakasirike wanaotaka kukasirika.

Mama alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. "Enhe?"

"Nimefeli."

Mikono ya mama ikasimama. Mteja akatulia, asijue aangalie wapi.

"Na kazi?"

"Watampa mwingine."

"Na hilo somo lenu?"

"Lipo. Mkuu amekataa kulifuta. Mbele ya watu wote, mama."

"Mbele ya watu wote!" Mama akarudi kusuka, tena kwa nguvu, mpaka mteja akasema aiii. "Watu wote watakulisha? Mimi nimeshawaambia watu. Nimejigamba hapa kama mjinga. Mwanangu fundi, mwanangu kiwandani! Kesho watakuja na vichwa vyao waniulize, na mimi nitawajibu nini? Kwamba mwanangu kafeli kwa makusudi?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Usinijibu! Mwakani unamwandika nani?"

"Sijui."

"Uniandike mimi. Maana kuanzia leo hatupatani. Na ole wako uniandike kwa kunipaka mafuta, nitasimama mchana kweupe niseme si mimi, ufeli tena."

Nati hakuwa na nguvu za kubishana. Akavuta kigoda, akakaa, na swali likamtoka bila kulipanga. "Kwa nini ulikuwa unaitaka sana ile kazi, mama? Kuliko hata mimi?"

Mama akafungua mdomo kumgombeza, na yakatoka mengine.

"Kwa sababu nimechoka kusimama," akasema.

Nati akatazama chini, akaiona miguu ya mama yake. Ilikuwa imevimba juu ya kandambili, ngozi inang'aa. Ilikuwa imevimba kwa muda gani? Ameishi na mwanamke huyu maisha yake yote, akamsoma mtu mwingine mpaka nukta ya mwisho, na huyu hajawahi kumwuliza. Iliuma kuliko sifuri.

Akainuka. Akanawa mikono, akachukua kitana, akashika upande wa pili wa kichwa cha mteja na kuanza kusuka pale mama yake alipoachia. Alikuwa hajasuka tangu ajiunge na chuo, na vidole vilikuwa vigumu kwa vyuma.

"Kaa, mama," akasema. "Kaa hapo kwenye kigoda. Anza mwanzo, uniambie."

Mama akakaa, na akaendelea kumgombeza akiwa amekaa.